Oilers na Panthers: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fainali za 2024 na 2025

Mimi ni Mswahili niliyehamia Edmonton, Kanada, na ni shabiki wa Oilers wa kufa na kuzikana. Kila ifikapo Juni simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa ndugu wa Tanga, marafiki wa Nairobi, na majirani wa hapa hapa waliotokea Goma na Bujumbura: hivi hawa watu wanacheza nini, nani kamfunga nani, na mbona mji mzima umenuna? Nimeyajibu maswali haya mara nyingi hadi nikaona heri niyaandike mahali pamoja. Mengi yanahusu fainali mbili za hoki ya barafuni zilizowakutanisha Edmonton Oilers na Florida Panthers, ya 2024 na ya 2025. Upande wangu unajulikana. Hata hivyo, sifa za Panthers nimezitoa zote, kwa sababu wanazistahili.

## Nina haraka. Nani alishinda?

Panthers, mara zote mbili. Mwaka 2024 walishinda kwa mechi 4 dhidi ya 3, na ile ya saba ilichezwa Juni 24 ikaisha 2-1. Mwaka 2025 walimaliza kazi kwa mechi 4 dhidi ya 2, Juni 17, kwa ushindi wa 5-1. Mara zote mbili walibeba Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, wakiwa nyumbani kwao Sunrise, Florida.

## Sijawahi kuutazama mchezo huu. Nianzie wapi kuuelewa?

Chukua mpira wa magongo unaoujua, uhamishie juu ya barafu, wape wachezaji viatu vyenye chuma chembamba chini, na badala ya mpira weka kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kisahani hicho kina upana wa sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 170 hivi. Kabla ya mechi visahani hugandishwa kwenye friji ili visidundedunde. Kiwanja kina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, pembe zake ni za mviringo, na kimezungushiwa ukuta wenye vioo juu yake. Kisahani kikigonga ukuta kinarudi na mchezo unaendelea. Watu hucheza hata nyuma ya goli.

Barafuni kila timu ina watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mechi ni dakika 60, yaani vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimamishwa kila refa anapopuliza filimbi. Wageni huchanganywa sana na jinsi wachezaji wanavyobadilishana. Mtu anacheza chini ya dakika moja kwa nguvu zake zote, anaruka ukuta kurudi benchi, mwenzake anaruka kuingia, na mpambano hausimami hata kidogo. Usijaribu kumfuata kila mmoja. Fuata kisahani, na kikikupotea watazame makipa.

Anayecheza rafu hutolewa dakika 2 akakae kwenye kibanda cha adhabu, na kwa muda huo timu yake inacheza pungufu. Magoli mengi yenye uzito hupatikana hapo. Na timu iliyo nyuma dakika za mwisho humtoa kipa wake ikaingiza mshambuliaji wa sita, goli likabaki wazi. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani kipa ameumia.

## Kwa nini fainali ina mechi saba?

NHL ina timu 32, nyingi za Marekani na saba za Kanada. Katika misimu hii miwili kila timu ilicheza mechi 82 za ligi, kisha 16 bora zikaingia hatua ya mtoano yenye raundi nne. Kila raundi, wa kwanza kushinda mechi nne anasonga mbele. Kwa hiyo ili ubebe kombe unahitaji ushindi 16, kuanzia Aprili hadi Juni, na njiani watu wanacheza wakiwa na mbavu zilizopasuka na vidole vilivyovunjika. Kwenye soka unaweza kubahatisha fainali ya dakika 90. Kwenye mechi saba dhidi ya watu wale wale, udhaifu wako lazima uonekane.

## Je, Edmonton na Florida ni watani wa jadi?

Hapana, na hapa ndipo habari inapokolea. Watani wa jadi wa Oilers ni Calgary Flames, wa jimbo hili hili la Alberta, kilomita 300 hivi kusini mwetu. Fikiria Simba na Yanga, ila kila mmoja ana mji wake. Florida ipo pembe nyingine kabisa ya bara. Kutoka Edmonton hadi Sunrise ni zaidi ya kilomita 4,000, na kabla ya hapo hakuna fainali ya Kombe la Stanley iliyokuwa imekutanisha miji iliyo mbali namna hiyo.

Lakini watazame Panthers kwa makini. Matthew Tkachuk, mshambuliaji wao mtata na mwenye kipaji, alikuwa Calgary hadi Julai 2022. Sam Bennett naye alitokea Calgary, Aprili 2021. Hawa wawili tuliwazomea hapa Edmonton miaka na miaka. Leo wanarudi na jezi nyingine, wanatufunga fainali mbili mfululizo, na Bennett ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano ya 2025 baada ya kufunga magoli 15. Ukimwambia shabiki wa hapa kwamba Panthers ni wageni tu waliopita njia, atakukatalia. Uhasama wa zamani ulikuwa umehamia mji mpya.

## Fainali ya 2024 ilikuwaje? Nasikia ilikuwa ya ajabu.

Ilikuwa. Nimesimulia mara nyingi na bado moyo unanienda mbio.

Oilers waliuanza msimu ule vibaya mno. Katika mechi 13 za mwanzo walishinda 3 tu, na Novemba 2023 kocha Jay Woodcroft akafukuzwa. Akaja Kris Knoblauch, na baadaye kidogo timu ikashinda mechi 16 mfululizo, pungufu ya moja tu kuifikia rekodi ya ligi. Kwenye mtoano wakawatoa Los Angeles, Vancouver kwa mechi saba, kisha Dallas. Mji ulikuwa haujaona fainali tangu 2006.

Fainali ikaanza Juni 8 kule Sunrise na kipa wa Panthers, Sergei Bobrovsky, akageuka ukuta. Aliokoa mashuti 32 na mechi ikaisha 3-0. Ya pili Panthers 4-1. Ya tatu, hapa Edmonton, Panthers 4-3. Tatu kwa bila. Katika historia yote ya fainali hizi, timu moja tu ndiyo iliyowahi kutoka nyuma 3-0 ikatwaa kombe: Toronto, mwaka 1942, dhidi ya Detroit. Watu walianza kuzungumzia likizo zao.

Mechi ya nne Oilers wakashinda 8-1. Bobrovsky alifungwa magoli matano akatolewa. Wengi walisema hilo ni bao la kufutia machozi, ila limezidishwa mara nane. Ya tano, ugenini, 5-3, nyota wetu Connor McDavid akihusika na magoli manne kama alivyofanya mechi iliyotangulia. Ya sita, nyumbani, 5-1. Tatu kwa tatu. Tangu Detroit mwaka 1945, hakuna timu iliyokuwa imetoka nyuma 3-0 fainali ikafika mechi ya saba.

Jioni ya Juni 24 nilikuwa nje ya uwanja wa Rogers Place, mahali mashabiki wanapokusanyika kutazama kwenye skrini kubwa. Panaitwa Moss Pit, kwa heshima ya Joey Moss, mzaliwa wa hapa mwenye sindromu ya Down aliyewahudumia wachezaji chumba cha kubadilishia nguo kwa zaidi ya miaka 30 na kufariki 2020. Juni jua la huku huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mechi yote tuliitazama mchana kweupe. Mwanangu alikuwa mabegani mwangu, ameshika kofia yangu kwa mikono miwili.

Carter Verhaeghe akatangulia kuwafungia Panthers. Hazikupita dakika tatu Mattias Janmark akasawazisha, na mzee mmoja ambaye simjui akanikumbatia pamoja na mtoto juu. Kisha, kipindi cha pili kikielekea ukingoni, Sam Reinhart akashuka upande wa kulia na kupiga shuti. 2-1. Kipindi cha tatu kizima tulisukuma. Kisahani kikatambaa mbele ya goli, kikagonga mguu huu, kikagonga gongo lile, hakikuingia. Filimbi ya mwisho ilipolia, maelfu ya watu walinyamaza. Nilisikia chupa ya plastiki ikikanyagwa mahali fulani nyuma yangu. Mwanangu akauliza, "Baba, bado kuna nyingine?" Nikamwambia hakuna.

## Inakuwaje McDavid apewe tuzo ya mchezaji bora wakati timu yake imefungwa?

Tuzo hiyo, Conn Smythe, ni ya hatua yote ya mtoano, raundi zote nne. Mwaka 2024 McDavid alifunga magoli 8 na kutoa pasi za magoli 34, jumla pointi 42. Hizo pasi 34 ni rekodi. Aliyeishikilia awali ni gwiji Wayne Gretzky, pasi 31 akiwa na Oilers hao hao mwaka 1988. Kumpa tuzo mchezaji wa timu iliyofungwa ni nadra, na wengi waliowahi kuipata hivyo walikuwa makipa. Kabla ya McDavid, mchezaji wa mwisho asiye kipa aliyeipata akiwa amefungwa alikuwa Reggie Leach wa Philadelphia, 1976.

Hakutoka kuipokea. Jina lake lilitangazwa mbele ya mashabiki wa Florida na yeye alikuwa chumbani na wenzake. Watu wengine walimlaumu. Mimi namwelewa kabisa: mechi mbili za mwisho hakupata pointi hata moja, Panthers walimbana kila alipogeuka, na kombe lilikuwa mikononi mwa wengine.

## Na ya 2025?

Safari hii Oilers ndio walioanzia nyumbani. Mechi ya kwanza, Juni 4, ilikwenda muda wa ziada ikiwa 3-3. Zikiwa zimebaki sekunde chache tu kipindi hicho kiishe, Leon Draisaitl, Mjerumani kutoka Köln, akafunga: 4-3. Bao hilo lilitokana na kosa ambalo mgeni hawezi kuliamini. Tomas Nosek wa Panthers, akiwa kwenye eneo lake, alirusha kisahani juu ya kioo hadi kwa watazamaji bila kukusudia. Sheria haijali nia yako. Ni dakika 2 nje, na Oilers wakamfunga akiwa kibandani.

Mechi ya pili ndiyo ninayoamini iliamua kila kitu, ingawa zilibaki nyingi. Oilers walikuwa nyuma 4-3, kipa wametoa, zimebaki sekunde 18 hivi, na Corey Perry akasawazisha akiwa na umri wa miaka 40. Uwanja ulitaka kupasuka. Kipindi cha kwanza cha ziada hakuna kitu. Cha pili, Brad Marchand akapenya peke yake akamfunga kipa wetu Stuart Skinner. 5-4 Panthers. Kama lile moja lingekuwa letu, Florida wangerudi kwao nyuma mechi mbili kwa bila.

Ya tatu walituchakaza 6-1, na rafu zikawa nyingi kuliko mchezo. Ya nne ikawa maajabu mengine: Panthers 3-0 baada ya kipindi cha kwanza, Skinner akatolewa akaingia Calvin Pickard, Oilers wakafika 4-3, Reinhart akasawazisha zikiwa zimebaki kama sekunde 20, na Draisaitl akafunga tena muda wa ziada. Hilo lilikuwa bao lake la nne la muda wa ziada katika mtoano mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kufikisha manne.

Baada ya hapo ni maumivu tu. Ya tano, hapa hapa Edmonton, 5-2, Marchand akifunga mawili. Ya sita, kwao, 5-1, na magoli manne ni ya Reinhart peke yake, mawili yakiwa kwenye goli lisilo na kipa.

## Muda wa ziada ukiisha bila goli, wanapiga penalti?

Mechi za ligi ndiyo. Hatua ya mtoano, hapana. Wanapumzika, barafu inasafishwa, wanarudi kucheza kipindi kingine kamili cha dakika 20, na tena, na tena, hadi mmoja afunge. Goli likiingia tu, mechi imekwisha papo hapo. Ndiyo maana mashabiki wa huku huja kazini asubuhi wamevimba macho.

## Kwa maoni yako, kwa nini Oilers walishindwa mara zote mbili?

Hili nimelifikiria sana, na jibu langu haliwapendezi wenzangu wengi wa hapa.

Sisi tulikuwa na wachezaji wawili bora kuliko yeyote wa upande wa pili. McDavid na Draisaitl wakiwa pamoja, dunia haina wawili wanaowafikia. Panthers walikuwa na timu. Ligi hii ina ukomo wa mishahara, na kwa msimu wa 2024-25 NHL iliweka dola milioni 88 kwa kila klabu. Ukitumia sehemu kubwa kwa nyota wachache, waliobaki lazima wawe wa bei nafuu. Panthers wao waliweza kuwapanga watatu watatu, kundi la kwanza likichoka linaingia la pili lenye makali yale yale, na la tatu, mwaka 2025, likiwa na Marchand ndani yake! Mtu aliyekuwa nahodha wa Boston, bingwa wa 2011, walimchukua Machi 2025 akiwa na miaka 36, na kwenye fainali peke yake alifunga magoli sita.

Pili, namna wanavyobana. Ukipata kisahani nyuma ya goli lako, tayari Mpanthers mmoja anakukumba kwa bega kwenye ukuta, wa pili amesimama kwenye njia ya pasi. Kocha wao Paul Maurice aliwajenga hivyo. Haina urembo. Mabeki wetu walianza kutupa kisahani popote ili mradi wasigongwe, na mchezo wa McDavid, ambao unahitaji kisahani kimfikie akiwa tayari kwenye mbio, ukakatika mzizi.

Tatu, kipa. Bobrovsky, Mrusi aliyesajiliwa 2019 kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 10 kwa mwaka, alisemwa vibaya sana miaka ya mwanzo. Kwenye fainali hizi hakuwa mkamilifu, ile 8-1 ipo. Lakini kila baada ya kuharibikiwa alirudi akiwa mtulivu. Sisi tulibadilisha kipa katikati ya fainali ya 2025, na mabeki wanapokuwa hawajui nani atakuwa nyuma yao kesho, wanacheza kwa woga. Simlaumu Skinner. Ni kijana wa Edmonton aliyekulia kwenye mji unaoishi kwa mchezo huu, na mzigo ule ulikuwa mzito.

Wapo wanaosema majeraha. Ni kweli Zach Hyman, aliyekuwa amefunga magoli 16 kwenye mtoano wa 2024, aliumia raundi iliyotangulia fainali ya 2025 na hakucheza. Alitukosesha kitu. Lakini timu iliyoshinda mechi 10 ugenini katika mtoano mmoja, kama Panthers walivyofanya 2025, ingetufunga hata akiwepo.

## Timu ya barafu inatoka wapi kwenye jua la Florida?

Barafu ni ya mashine, iko ndani ya jengo, basi hata Dodoma inawezekana. Panthers walianza kucheza 1993, wakafika fainali 1996 wakafungwa na Colorado, kisha wakakaa miaka mingi ambayo uwanja wao ulikuwa nusu mtupu. Walirudi fainali 2023 wakafungwa na Vegas. Kwa hiyo Panthers nao walikuja fainali ya 2024 wakitoka kuumia, na nadhani watu wa Edmonton tulisahau hilo.

Ukiona panya wa plastiki wanarushwa uwanjani, usishangae. Msimu wa 1995-96 mchezaji wao Scott Mellanby alimuua panya chumba cha kubadilishia nguo kwa kumpiga na gongo, kisha akaingia uwanjani na gongo hilo hilo akafunga magoli mawili. Mashabiki wakaanza kurusha panya na hawajaacha.

## Kombe la Stanley lina nini hasa, mbona wazima wanalilia?

Lilitolewa 1892 na Lord Stanley, aliyekuwa mwakilishi wa Malkia wa Uingereza nchini Kanada, na likashindaniwa kuanzia 1893. Lina urefu wa karibu sentimita 90 na uzito wa zaidi ya kilo 15. Kikombe ni hicho hicho kinachopokezanwa, hakitengenezwi kipya kila mwaka. Majina ya wachezaji wa timu bingwa yanachongwa kwenye mikanda ya fedha inayolizunguka, na mikanda ikijaa, wa zamani zaidi huvuliwa ukahifadhiwa kwenye jumba la kumbukumbu la mchezo huu, Toronto. Jina la Gretzky lipo mara nne, zote za Oilers. Na ukitazama sehemu ya 1984 utaona msururu wa herufi X: mmiliki wa Oilers wa wakati huo aliingiza jina la baba yake, ambaye hakuwa na kazi yoyote kwenye timu, na ligi ikaagiza lifutwe.

Kila mchezaji bingwa hupewa siku yake na kombe. Wengine hulipeleka kijijini kwao. Tkachuk mwaka 2024 aliingia nalo baharini. Wachezaji wengi hawaligusi kabisa kabla hawajalishinda, wakiamini kulishika mapema ni mkosi.

Nahodha ndiye anayekabidhiwa kwanza, naye huchagua wa kumpa wa pili. Aleksander Barkov, Mfini, mwaka 2024 alimpa Bobrovsky. Mwaka 2025 alimpa Nate Schmidt, ambaye hakuwa amewahi kulibeba. Nilikuwa nimekasirika, lakini hilo lilinigusa.

## Kwani ngumi zinaruhusiwa?

Haziruhusiwi. Wanaopigana hutolewa dakika 5 kila mmoja. Ila waamuzi mara nyingi huwaacha wamalizane kabla ya kuwatenganisha. Kwenye fainali ngumi ni chache, kwa sababu hakuna anayetaka kuiacha timu. Mimi napenda zaidi kinachofuata baada ya filimbi ya mwisho: timu zote mbili hupanga mistari na kupeana mikono mmoja mmoja, hata waliovunjana meno dakika 10 zilizopita. Mkae mwangalie sehemu hiyo na watoto wenu.

## Kuna wachezaji weusi?

Wapo, wachache. Willie O'Ree alikuwa wa kwanza NHL, 1958, akiichezea Boston, na jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni. Lakini Edmonton tuna wetu wa kujivunia: kipa Grant Fuhr, aliyezaliwa Spruce Grove, mji mdogo pembeni mwa huu. Mwaka 1984 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kushinda Kombe la Stanley, akalishinda mara tano jumla, na 2003 akaingizwa kwenye jumba la magwiji. Katika fainali hizi mbili beki wetu Darnell Nurse, ambaye baba yake anatokea Trinidad, alicheza dakika nyingi ngumu. Watoto wa Kiafrika wa hapa mtaani wanamjua vizuri.

## Afrika Mashariki mchezo huu upo?

Upo Kenya. Nairobi, katika hoteli ya Panari iliyo barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa 2005. Ni mdogo sana ukilinganisha na wa NHL, lakini ndiko Ice Lions walikojifunzia. Mwaka 2018 waliletwa Kanada na wakacheza mechi wakiwa pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wawili kati ya wakubwa wa mchezo huu. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, IIHF. Unapowaona vijana wale wanavyogeuka kwenye barafu ndogo kiasi kile, unaelewa kwamba kinachokosekana ni nafasi.

## Nikiwa nyumbani, mechi za fainali ni saa ngapi?

Nyingi huanza saa mbili usiku kwa saa za Florida, yaani saa kumi na mbili jioni Edmonton. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa tisa usiku, siku inayofuata. Kigali na Bujumbura, saa nane. Ikienda muda wa ziada, utaadhiniwa ukiwa bado mbele ya skrini.

## Oilers wana nafasi ya kurudi?

Kanada haijaliona kombe hili tangu Montreal walipolichukua 1993. Tangu hapo hadi 2025 timu za Kanada zilipoteza fainali nane, na tatu ni za Edmonton: 2006, 2024 na 2025. Perry, aliyekuwa wetu hadi 2025, yeye binafsi alipoteza tano katika miaka sita, akiwa na timu nne tofauti. Panthers, baada ya ubingwa wa pili, waliwabakiza Bennett, Marchand na beki Aaron Ekblad kwa mikataba mirefu.

Wengi hapa waliogopa kwamba McDavid angeondoka kama Gretzky alivyoondoka Agosti 1988. Oktoba 2025 alisaini mkataba mpya wa miaka miwili kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka, fedha ambazo kila mtu anajua ni pungufu ya anachoweza kudai, na akasema wazi kwamba anataka kushinda hapa. Mkataba huo unaishia msimu wa 2027-28.

Jezi ya mwanangu ina namba 97 mgongoni, namba ya McDavid. Ni ile ile aliyoivaa Juni 24, 2024. Sasa inambana mabegani na mikono imepanda. Nimemwambia nitamnunulia nyingine, amekataa mpaka kombe lije.